Safari ya Wazee: Mji Gani Uwafaao?

Katika nchi ya Kenya mzee hasafiri ovyo. Hutoka kwake kwa sababu moja kati ya tatu: msiba, harusi au hospitali. Akionekana stendi ya magari asubuhi, amevaa koti lake la Jumapili na mfuko u mkononi, jirani hamwulizi aendako; humwuliza, "Kwani nani amefariki?" Ndiyo maana jambo la mzee kufunga safari ili akae tu, atazame mji, ale vizuri na kulala, bado ni jambo geni katika nyumba nyingi, na wako wanaoliona kuwa ni upuzi wa kutupa fedha.

Hata hivyo desturi hiyo inalegea. Watoto wafanyao kazi mijini wamekuwa wakiwalipia wazazi wao siku chache za mapumziko, na wazee wenyewe waliostaafu wakiwa na pensheni wameanza kujiuliza kwa nini miji ya nchi yao iwe ya wageni peke yao. Katiba ya mwaka 2010 humhesabu mtu aliyepita miaka 60 kuwa ni mzee, na kifungu chake cha 57 chasema kuwa wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Maneno hayo ni mema sana, ila katiba haimbebei mtu mfuko kupanda ngazi za hoteli. Hapo yahitajika akili ya yule anayepanga safari.

Na makosa mengi hutokea hapo hapo. Mtoto humchagulia mzazi wake mambo ayapendayo yeye. Humpeleka mwezi wa Desemba, wakati barabara zimejaa na vyumba vimepanda bei maradufu. Humweka katika hoteli kubwa ya ufukweni iliyo mbali na mji, ambako muziki hupigwa hata usiku wa manane. Kisha katika siku nne humzungusha mahali saba. Mzee hurudi nyumbani amevimba miguu. Kwa adabu yake husema, "Asanteni sana wanangu, Mungu awabariki." Lakini akialikwa mara ya pili, husema ng'ombe ni mgonjwa.

Liko jambo jingine ambalo halina budi kutajwa kabla ya kutajwa mji wo wote. Miaka ya zamani wanaume wengi wa bara walikwenda Mombasa kufanya kazi bandarini, katika reli, katika viwanda na katika nyumba za watu. Wake zao walibaki shambani. Mume alirudi kwa likizo mara moja kwa mwaka, akaleta kanga, nazi mbili tatu na habari za bahari. Miezi mingine ilikuwa barua na hawala ya posta. Kwa hiyo wako leo akina bibi wa miaka 70 na zaidi, wa Nyeri, wa Machakos, wa Siaya na wa Kakamega, ambao walilelea watoto wao kwa fedha za Mombasa na hawajaiona Mombasa kwa macho. Wanalijua jina la Kilindini kama walijuavyo jina la soko lao, na hawajui linafananaje. Mzee wa namna hii akimchukua mkewe kwenda kuutazama mji ule, hiyo si anasa. Ni deni la miaka 40, na wadai wake hawana miaka mingi ya kungoja.

Basi, kwa wazee wengi wa bara, swali la mji gani uwafaao lina jibu tayari: ni Mombasa. Lililobaki ni kuichagua Mombasa ifaayo, kwa maana zipo nyingi.

Kwanza uchaguliwe mwezi. Kuanzia Desemba hata Machi hupiga kaskazi, na Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali. Mtu aliyezeeka katika ukungu wa Nyeri huweza kuzimia kwa jua lile. Aprili na Mei ni miezi ya masika, na maji husimama njiani. Lakini mwezi wa Juni ukiisha, kusi ikiwa imetulia, hewa huwa baridi kidogo, na hali hiyo hukaa mpaka Septemba. Kwa bahati njema mwisho wa Juni na mwezi wa Julai shule huwa hazijafungwa, kwa hiyo vyumba hupatikana na bei hupungua. Mzee hana shule. Huu ndio utajiri wake ambao vijana hawana, na ni ajabu jinsi ausahauvyo. Taabu moja tu: mjukuu wa kubeba mfuko naye yuko darasani. Wazee wenye busara humchukua yule aliyemaliza kidato cha nne na ambaye bado anangoja matokeo ya maisha.

Ama kuhusu njia, watu wenye umri huo wanalikumbuka gari moshi la usiku la reli ya zamani, lililoondoka Nairobi jioni na kufika Mombasa asubuhi ya pili, lenye vyumba vya kulala na kengele ya kuwaita watu mezani. Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Gari lile la abiria lilikoma mwaka 2017, na mahali pake pakachukuliwa na gari la reli mpya lililoanza kazi mwaka huo huo. Safari iliyokuwa ya usiku mzima sasa ni ya saa tano au sita.

Magari ni kadhaa kwa siku, na si yote yamfaayo mzee. Liondokalo usiku hufika kabla ya mapambazuko, wakati chumba cha hoteli hakijawa tayari na mtu mzima hujikuta amekaa juu ya mzigo wake akisinzia. La alasiri hufika usiku umekwisha kuingia. Lifaalo ni la saa mbili asubuhi. Ni kweli kwamba husimama katika vituo vya njiani, Mtito Andei, Voi, Mariakani na vinginevyo, na kwa hiyo hukawia. Lakini mzee ana haraka ya nini? Hufika mchana bado kweupe, na njiani huonekana tambarare za Tsavo.

Mwezi wa Januari 2024 nauli ya daraja la pili ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Wazee wawili kwenda na kurudi kwa daraja la pili ni shilingi 6,000. Kwa mtu ategemeaye ile shilingi 2,000 ya kila mwezi ambayo Serikali huwapa wazee waliopita miaka 70, hizo ni fedha za miezi mitatu. Kwa hiyo si jambo la kusema kwa urahisi kwamba wapande daraja la kwanza. Lakini ukweli lazima usemwe: viti vya daraja la pili vimesimama wima, watu watatu upande mmoja na wawili upande wa pili, magoti yakitazamana na magoti. Mwenye maumivu ya mgongo atayahesabu maili. Kama fedha ni chache, afadhali kupunguza usiku mmoja wa hoteli na kumkalisha mama daraja la kwanza wakati wa kwenda, kuliko kumfikisha akiwa amekwisha.

Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nje ya mji, na abiria hutakiwa wafike mapema. Mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse, kisha hupitishwa katika mashine, na kitambulisho huangaliwa pamoja na tikiti. Mtu asiyeambiwa habari hizi hushtuka. Iko hadithi ya kila familia juu ya bibi aliyekataa katakata mbwa auguse mfuko wenye chakula. Aelezwe nyumbani, achekeshwe, na mfuko wa chakula uwe mwepesi. Kadhalika ngazi za umeme huwaogofya wengi. Hakuna haja ya kumlazimisha mtu apande, na iulizwe lifti iko wapi.

Kufika Miritini si kufika Mombasa. Kituo hicho kiko barani, na mpaka kuvuka daraja la Makupa na kuingia kisiwani yahitajika gari. Yafaa gari liwe limekwisha kuagizwa, kwa kuwa kupigania matatu huku umeshika bakora ni kazi ya vijana.

Mahali pa kulala ndipo penye siri ya safari nzima. Wenye kupanga hutazama picha za bwawa la kuogelea. Mzee hataogelea. Atakachotumia kila siku, tena mara nne au tano, na mara mbili usiku wa giza, ni choo. Basi iulizwe habari ya choo kabla ya habari ya bwawa: ni cha kukalia au cha kuchuchumaa, sakafu yake huteleza au haitelezi, pana kitu cha kushika au hapana, na taa yake huwashwa wapi. Halafu iulizwe habari ya ngazi. Mazungumzo ya simu huenda hivi:

"Hujambo dada. Chumba hicho kiko ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu, bwana, lakini lifti ipo."

"Na umeme ukikatika?"

Hapo dada hunyamaza kidogo. Kimya hicho chatosha kuwa jibu. Chumba cha chini katika nyumba ya wageni ya kawaida chamfaa mzee kuliko ghorofa ya tano yenye mandhari ya bahari. Tena kiwe na chandarua kisichotoboka, na feni. Watu wa milimani hawakuzoea malaria, na mwili wa mzee wa Nyeri au Limuru hauna kinga ya ugonjwa huo kama mwili wa mtu wa pwani. Kabla ya kuondoka yampasa amwone mganga wa hospitali yake, amwulize juu ya malaria na juu ya dawa zake za kila siku. Dawa za presha na za kisukari zikae katika mfuko wa mkononi na si katika sanduku, na ziwe nyingi kupita siku za safari.

Kulala kisiwani au ng'ambo? Hoteli za Nyali na Bamburi zina mchanga na upepo, na mtu akitaka kukaa tu hataona kosa. Kutoka kisiwani hoteli za kusini zina kivuko cha Likoni njiani, na umati wa kivuko kile saa za kazi si mahali pa mtu asiyeweza kukimbia. Lakini yule aliyekuja kuuona mji wa barua za mumewe alale kisiwani. Kisiwa ni kidogo, tuktuk ni nyingi, na Hospitali Kuu ya Pwani iko pale pale. Tuktuk, kwa kweli, yaelekea iliumbwa kwa ajili ya wazee: sakafu yake iko chini, haina mlango wa kusukuma, na mwenye kuiendesha husimama po pote.

Siku ya kwanza wasipelekwe popote. Waoge, walale, jioni wakae nje.

Siku ya pili, asubuhi mapema jua halijakaza, waende Ngome ya Yesu. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Ikazingirwa na Waarabu wa Oman tangu 1696 mpaka 1698 walipoiteka. Baadaye Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hayo yote yameelezwa mle ndani, na mtembezi asijitie kuyasoma yote. Mwendo wa kuingia ni wa mpando, sakafu ya mawe ya matumbawe haiko sawa, na uwanja wa katikati hauna kivuli cha kutosha. Mzee aingie katika nyumba ya makumbusho, avione vitu vilivyotolewa katika jahazi la Kireno la Santo António de Tanna lililozama mbele ya ngome mwaka 1697, kisha atafute mahali pa kuketi penye upepo wa bahari. Kupanda juu ya kuta aachiwe mjukuu. Saa moja na nusu yatosha kabisa.

Kutoka mlangoni mwa ngome njia ya Ndia Kuu huingia moja kwa moja katika Mji wa Kale. Hapa wazee hupendezwa kuliko ngomeni, kwa sababu hapa pana watu. Milango ya nakshi, roshani za mbao, msikiti wa Mandhry uliojengwa mwaka 1570, mafundi, watoto watokao chuoni. Na kila hatua chache iko baraza ya nje ambayo imejengwa kwa kusudi la kukaliwa. Mtu wa bara huona haya kukalia baraza ya nyumba asiyoijua. Asione. Akisalimu kwa adabu, atapokewa kwa adabu. Na mtoto wa Mombasa akimwambia "Shikamoo", yatosha kuitika "Marahaba", na pengine atakuja kuulizwa ametoka wapi, na mazungumzo yatachukua nusu saa. Mzee aliyefanya kazi mji huu hukutana na watu wa rika lake wakaukumbuka mshahara wa zamani. Hakuna kiongozi wa watalii awezaye kuuza kitu hicho.

Vichochoro ni vyembamba, na pikipiki hupita kwa kasi; mama ashikwe mkono upande wa ukuta.

Chakula cha mji huu kina raha na hatari zake. Mahamri kwa mbaazi asubuhi, wali wa nazi na samaki wa kupaka mchana, kahawa tungu jioni kutoka katika dele la shaba: mtu atakuwa amekosa nusu ya safari asipovionja. Lakini halua na kashata ni sukari tupu, na bibi mwenye kisukari aliyeambiwa "kipande kimoja tu, mama" amekwisha kupotoshwa. Madafu ni mazuri kwa kiu. Mzee anywe maji hata kama haoni kiu, maana kwa umri ule mwili huchelewa kutoa habari.

Jioni ndiyo yenyewe. Barabara ya Mama Ngina hufuata mwamba wa bahari upande wa kusini wa kisiwa. Mahali hapo palitengenezwa upya, na sherehe za Siku ya Mashujaa zikafanywa hapo tarehe 20 Oktoba 2019. Ipo mibuyu mikubwa, ipo njia iliyo sawa isiyo na vidato vingi, na vipo viti. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili huuzwa kando. Meli ziingiazo Kilindini hupita karibu na pwani kiasi kwamba watu walio juu yake huonekana wakitembea. Mume anyoshe fimbo yake na kusema, "Ile ndiyo njia ya meli." Yeye aliyekuwa akiandika habari hizo miaka hiyo sasa huona ya kuwa hana haja ya kueleza. Hukaa wote wawili mpaka giza. Siku ya tatu ukiwauliza wapi wataka kwenda, husema: pale pale.

Na warudishwe pale pale. Kijana hudhani kuwa kurudia mahali ni kupoteza siku; mzee hudhani kinyume chake, naye ndiye mwenye safari.

Ama wazee wa pwani wenyewe, ambao bahari kwao si ajabu, hutaka kupanda juu. Kwao upo mji wa Nyeri, yapata kilomita 150 kutoka Nairobi, kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mji huu una sifa isiyo ya kawaida: wageni wawili mashuhuri waliuchagua uwe mahali pa uzee wao. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyezaliwa mwaka 1857, alikuja kukaa hapa mwaka 1938 akiwa amekwisha kupita miaka 80. Alikuwa jenerali, ametembea dunia nzima, na angeweza kuchagua po pote. Alichagua kijumba kisicho na ghorofa, chenye varanda, katika kiwanja cha hoteli ya Outspan, karibu na jiko la watu wengine. Akakiita Paxtu. Alikufa tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa katika mji huu. Juu ya kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti ni alama ya mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Baada yake Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba milia wa Bara Hindi, alikikalia kijumba hicho hicho pamoja na dada yake, akafa mwaka 1955, naye kaburi lake liko Nyeri. Mwenye kupangia wazazi wake safari aende akakitazame kijumba kile, hata kama hana haja na habari za Wazungu wale, kwa kuwa ni kipimo kizuri cha vitu ambavyo mtu mwenye umri huo huvihitaji.

Mzee wa Mombasa asije Nyeri mwezi wa Julai. Baridi na ukungu vitamfungia chumbani, na magoti yatamlalamikia. Aje Januari au Februari, wakati kwao joto halivumiliki na hapa mbingu ni safi. Asubuhi mlima huonekana kileleni kabla mawingu hayajaufunika. Siku ya kwanza atembee polepole, maana mji uko juu, zaidi ya mita 1,700, na pumzi za mtu wa pwani hazikuzoea. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa kifua asipande bila ya kumwuliza daktari.

Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, wafaa wale wasioweza kutembea sana. Hifadhi ya ziwa iko kando ya mji wenyewe, na vifaru, nyati na twiga hutazamwa kutoka ndani ya gari. Hata ukingo wa Menengai hufikiwa kwa gari. Atakayekwenda kwa ajili ya heroe aulize kwanza kama wapo, kwa sababu tangu maji ya ziwa yalipopanda katika miaka iliyofuata 2010 ndege hao wamekuwa wakihamia maziwa mengine. Usiku mmoja au miwili yatosha.

Kisumu ni habari nyingine. Reli ilifika huko mwaka 1901, na mji umelala tambarare kando ya ziwa, kwa hiyo miguu haina mpando wa kupambana nao. Kwa gari kutoka Nairobi ni kama kilomita 350, safari ndefu kwa mtu mzima aketiye kati ya mizigo; kwa ndege ni chini ya saa moja. Mwenye uwezo amkatie mzee tikiti ya ndege mapema, tena aombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tikiti na si mlangoni mwa ndege, kwa kuwa vidato vya ndege ni vikali. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana boma la Kijaluo lililojengwa kamili, na miti yenye vivuli. Wazee wa makabila mengine hukaa hapo wakilinganisha: kwetu ghala lilikuwa upande huu, kwenu nyumba ya mke wa kwanza ilikuwa wapi? Jioni, Dunga, samaki mzima na ugali, na jua likizama ziwani. Mchana ni joto, na alasiri nyingi huja mvua yenye radi. Basi shughuli ziwe asubuhi. Chandarua kisisahauliwe, maana malaria ya ziwani haina mchezo.

Lamu hupendwa sana na watu wapendao utulivu, maana katika mji ule hakuna magari, bali punda na miguu. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo tatizo. Mtu hushuka uwanja wa ndege wa Manda, hupanda mashua, na maji yakiwa yamekupwa hupanda vidato vya gati vyenye utelezi. Aliye imara aende, na atafurahi. Aliye na nyonga mbovu aangalie picha.

Wale waliokwenda Mombasa wamebakiwa na siku moja ya kurudi. Wengi hununua tikiti ya kurudi usiku ili waokoe gharama ya chumba. Wasifanye hivyo. Wachukue gari la asubuhi tena, na mama apewe kiti cha dirishani. Wakati wa kwenda alikuwa na wasiwasi wa safari na hakuona kitu. Baada ya kupita Voi, nchi ile nyekundu hufunguka pande zote mbili, na mara nyingi ndovu huonekana karibu na reli, nao ni wekundu kama udongo wenyewe. Mumewe aliipita njia hiyo miaka yote amelala, maana gari la zamani lilipita Tsavo usiku. Hilo ni jambo ambalo mama ataliona wa kwanza, na yeye ndiye atakayemwamsha mzee amwonyeshe.